Mbegu za Mama Juu ya Tanuri

Jumatatu, 3 Machi
Miezi miwili tangu tumzike Mama. Leo tumefungua kabati lake. Bahasha moja ya mbegu za saladi, mwandiko wake juu. Za mwisho! Dada yangu akazigawa nusu kwa nusu, akasema atakayeziotesha ndiye atakayetunza bustani ya Mama. Nimekubali upesi. Mimi mwokaji mikate, miaka ishirini naumua unga. Yeye fundi cherehani. Atajua nini?

Jumanne, 4 Machi
Nimezifukia kina cha kidole kizima, zilale pazuri. Trei nimeiweka juu ya tanuri. Unga huumuka kwa joto. Mbegu zina tofauti gani? Nimepita kwa Dada. Zake kazimwaga juu ya udongo, kazikandamiza kwa kiganja, basi. Tena dirishani, penye ubaridi. Uchi kabisa! Nimemwonea huruma.

Jumamosi, 8 Machi
Za Dada zimeota. Zangu kimya. Nimeongeza kuni.

Jumatano, 12 Machi
Nimefukua. Mbegu zilezile, kama nilivyozilaza. Nimekaa kwenye gunia nikizitazama hadi mikate ikaungua.
Jioni nikaenda kwa Dada, nikalalamika kwamba alinigawia mbovu. Hakukasirika. Akanieleza kwamba mbegu za saladi hutaka mwanga, na joto likizidi zinagoma kuamka.
“Mama alizimwaga hivyo kila mwaka, asubuhi na mapema kukiwa na baridi. Wewe ulikuwa wapi?”
Nilikuwa kazini. Kila mwaka. Kisha akanipa miche sita ya kwake, akaniambia nayo pia ni ya Mama.

Alhamisi, 13 Machi
Dirisha langu lina upepo, na jua linapiga. Miche hii siipotezi! Nimeifungia kabatini, pembeni ya tanuri. Giza, joto, utulivu. Hakuna wa kuisumbua.

Jumapili, 23 Machi
Nimepima. Miche yangu imeipita ya Dada kwa vidole vitatu! Ya kwake imechuchumaa, minene, kijani, haina haraka. Yangu mirefu, myembamba, myeupe kama maziwa. Imejilaza kidogo, urefu una uchovu wake. Maskini Dada. Kesho nitamwendea kwa upole, nimshauri aiondoe yake dirishani kabla hajachelewa.