Filta Nyekundu ya Ngurumo

Jumapili, 4 Mei

Nimerudi kutoka kwa wakwe zangu. Tumbo limejaa, roho imekaa vibaya. Sababu ni moja tu. Ngurumo.

Ngurumo si jina lake. Nimempa leo mchana, na nitalitumia humu kwenye shajara tu. Ameoa mdogo wake mke wangu. Ana gari la aina moja na langu, la mwaka mmoja na langu, tofauti yetu ni rangi. Mpaka leo tulikuwa tunaishi kwa amani. Sawa, si kweli. Lakini leo amezidi.

Mimi nilifika kwanza. Nikapiga honi. Mbwa akafungua jicho moja, akalifunga. Basi! Baadaye ukasikika mlio kutoka kona ya mbali, vuuuuum, nyumba nzima ikatoka nje. Watoto wakakimbilia getini. Baba mkwe, ambaye tangu astaafu posta analalamikia goti, aliinuka bila fimbo. Ngurumo akafungua boneti, akatuonyesha dude jekundu lenye umbo la pia ya kuchezea. Filta ya hewa ya magari ya mashindano, akasema. Ile ya kawaida ni karatasi tu, inalibana gari pumzi, ni kama kukimbia umeziba pua. Sasa injini inapumua! Wote wakainama kuchungulia. Hata mke wangu! Akasema kumbe inapendeza. Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kuinamia boneti yangu.

Kisha mama mkwe akatoa tangazo. Kitindamimba wao anaolewa Jumamosi, na atapelekwa ukumbini kwa gari la mmoja wetu, mimi au Ngurumo. Baba mkwe atatamka Alhamisi ni nani. Yule mwingine atabeba masufuria na mashangazi.

Mimi ndiye mkwe wa kwanza! Bibi harusi huyu nilimkuta ana meno ya utoto. Mimi ndiye niliyemfundisha baiskeli, nikikimbia nyuma nimeshikilia kiti huku suruali ikichanika. Hata gari kajifunza kwenye gari langu. Leo apelekwe na mtu aliyeingia kwenye familia juzi? Siandiki utani. Masufuria abebe yeye.

Jumatatu, 5 Mei

Nimeamka na mpango. Mambo ya kitaalamu. Kabla ya kufungua duka langu la mapazia nimepanda na gari ule mlima wa kutoka shuleni hadi kwenye tangi la maji, mke wangu kiti cha nyuma akipima muda kwa simu. Hapo gari likiwa na karatasi yake ya zamani. Kesho tutapima tena gari likiwa limefunguliwa pumzi. Mke wangu akauliza limeziba wapi. Nikamwambia aandike muda.

Kisha kwa fundi. Nikamwambia nataka dude jekundu. Fundi akafuta mikono, akaniambia ukweli wote bila kuombwa. Kwa gari la kwenda kazini na sokoni, karatasi safi inatosha. Injini inapata hewa yote inayoihitaji, na mtu aliyeshiba hata umpanue mdomo vipi hataongeza tonge. Dude lile likikaa wazi bila kasha, linavuta hewa ya moto ya injini, nguvu inapungua badala ya kuongezeka. Kinachoongezeka ni kelele. Nikamuuliza kelele kiasi gani. Akasema nyingi. Nikamwambia hiyohiyo ndiyo nataka.

Bahati haikunitupa! Analo moja, limetolewa kwenye gari la mteja asubuhi hiyohiyo, bado zima. Akasema ukweli ameshanipa, dhamira yake ni safi, kwa hiyo tuzungumze malipo. Tukaelewana kwa mapazia ya sebule yake, na shela nyepesi za ndani kama nyongeza. Akaniuliza kama nataka kubaki na karatasi yangu ya zamani. Nikamwambia atupe! Mwanamume harudi nyuma.

Nimewasha. Vuuuuum! Kuku wa jirani wamepanda ukuta.

Jumanne, 6 Mei

Jaribio la pili. Mlima uleule, mke wangu yuleyule, simu ileile. Nikakanyaga mafuta. Mlio ulikuwa wa kutisha! Nilihisi mgongo umegandamana na kiti. Tulipofika kwenye tangi nilikuwa najicheka mwenyewe kwa furaha.

Tumechelewa kuliko jana.

Nikamwambia arudie kusoma. Akarudia. Nikamweleza kwamba leo kuna upepo wa mbele. Akaangalia nguo kwenye kamba ya nyumba ya pili, hakuna hata moja iliyotikisika. Nikamwambia basi ni chapati alizokula asubuhi. Hapo nilikosea.

Mke wangu ni mkunga. Tulipofika sokoni alisema amepokea watoto wengi duniani, na yule anayelia kuliko wote wala siye mwenye kilo nyingi kuliko wote. Anapenda kuleta kazi yake nyumbani. Mimi simwelezi habari za mapazia wakati wa kula.

Halafu petroli inaisha haraka. Lakini hiyo ni kwa sababu kila nikifika kwenye ukuta mrefu nakanyaga ili nisikie mwangwi. Filta haina kosa.

Jumatano, 7 Mei

Mchana nimemwachia msaidizi wangu duka, nikapita mbele ya ofisi ya Ngurumo. Anauza bima. Nikapita tena. Na tena. Nilitaka asikie, atoke, aone, aumie kidogo. Hakutoka. Aliyetoka ni mlinzi, kuniuliza kama nahitaji kusukumwa.

Jioni nikaenda nyumbani kwake kwa kisingizio cha kurudisha ngazi niliyoazima mwaka juzi. Gari lake limefunikwa turubai! Kwa nini lifunikwe na jua limeshazama? Kuna kitu ameongeza. Nimejua tu. Mtu huyu halali, anakaa akifikiria namna ya kunishinda. Nimeshindwa hata kumaliza chai yao.

Nimerudi nyumbani nikiwa nimeamua. Kama yeye ameongeza, mimi nitaboresha. Nikaitoa filta yangu, nikaikagua kwa utulivu. Na nilichokiona! Si chuma, si plastiki. Ni kitambaa! Pamba nyepesi iliyokunjwa marinda, imelowa mafuta mafuta, imelegea, imechakaa. Pamba! Marinda! Hapo sasa mtu ameingia uwanja wangu wa nyumbani. Fundi wa magari anajua nini kuhusu marinda? Mimi nimekunja marinda ya hoteli nzima.

Nikaiosha kwa sabuni mpaka mafuta yote yakatoka. Kisha nikaitia wanga, ule mzito, ninaotia mapazia ya lesi yasimame wima dirishani. Nikaianika kwenye kamba. Mke wangu akauliza kama ile si njia ya gari kupitishia hewa. Nikamwambia marinda yaliyonyooka hupitisha hewa vizuri zaidi, kila muuza mapazia anajua. Imekauka imesimama wima kama askari wa gwaride. Nimeirudisha garini. Kazi safi. Kesho ni kesho.

Alhamisi, 8 Mei

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Nilikwenda kwa wakwe nimevaa suti, mke wangu pembeni. Gari lilinguruma mpaka kwenye kona yao, hapo likaanza kukohoa. Si kikohozi cha kuficha. Kikohozi cha mgonjwa wa wodini. Nikaingia getini kwa kurukaruka, vuum, kho, vuum, kho kho, nikazima. Hakuna aliyekimbilia nje. Watoto waliziba masikio dirishani.

Ndani nikamkuta Ngurumo amekaa, kikombe mkononi, nusu ameshakunywa. Hakuna aliyesikia alivyofika! Gari lake lilikuwa nyuma ya nyumba, kimya kabisa.

Baba mkwe akasema kabla hajatamka, bibi harusi ana neno. Yule binti akasimama. Akasema tangu mwanzo alikuwa ameshamwambia baba yake kwamba anataka kupelekwa na mimi. Mimi! Kwa sababu mimi ni kaka yake wa kumkimbilia, na kwa sababu gari langu lilikuwa tulivu, na siku hiyo anataka kukaa na mama yake kiti cha nyuma waongee mara ya mwisho akiwa bado mtoto wa nyumba ile. Jumapili gari la Ngurumo lilimpa maumivu ya kichwa mpaka usiku. Akasema hivyo, kisha akatazama getini lilipo gari langu. Akaanza kucheka. Halafu macho yakamjaa machozi. Nikatamani sakafu ipasuke.

Kumbe dada yake, mke wa Ngurumo, alimfikishia mumewe habari ya kichwa usiku uleule wa Jumapili. Asubuhi ya Jumatatu kulipokucha tu akapeleka dude lake kwa fundi, akarudishiwa karatasi. Ndiyo! Fundi yuleyule! Ngurumo mwenyewe alitoka, akafungua boneti yangu mbele ya watu, akalishika lile dude, akaona mkwaruzo alioufanya yeye kwa bisibisi. Akauliza kwa upole kwa nini limekuwa gumu hivi. Akaligonga kwa kidole. Likalia kama mlango.

Baba mkwe akatamka. Bibi harusi, Ngurumo. Masufuria na mashangazi, mimi.

Njiani mke wangu alinishika mkono tu nilipokuwa nabadilisha gia. Afadhali angenisema.

Ijumaa, 9 Mei

Bado kuna siku moja. Sijakata tamaa.

Asubuhi nikaenda kwa fundi kudai karatasi yangu. Akanikumbusha kwamba nilisema atupe. Nikamwambia fundi wa kweli hamsikilizi mteja kila neno. Akasema mpya zinakuja Jumatatu, na kwamba mke wake amependa sana mapazia.

Mchana nikampigia simu bibi harusi. Nikamweleza kwa upendo wa kaka kwamba gari la kimya ni hatari, watu hawalisikii likija, hawapishi, msafara unaweza kukwama. Akasema ndiyo maana likawekewa honi, shemeji. Kisha akaniuliza kama nimekula. Huyu mtoto ana moyo mzuri kupita kiasi, na ndiyo maana inauma.

Nimejaribu kuulegeza wanga kwa maji ya moto. Umekuwa uji.

Jumamosi, 10 Mei

Msafara ulipangwa. Ngurumo mbele, maua kwenye boneti yake, kimya kama kivuli. Mimi wa mwisho kabisa. Nyuma masufuria matatu makubwa, ndani mashangazi watatu, mmoja wao amekumbatia mfuniko mapajani.

Mlima wa kwenye tangi. Vuum. Kho. Kho kho. Kimya.

Magari yote yakapotelea juu. Mashangazi walinisema kwa zamu, kisha kwa pamoja. Baadaye walishuka na hariri zao wakasukuma, jambo ambalo nitakumbushwa kwenye kila shughuli mpaka nizikwe. Tulisogea mpaka kwenye kivuli cha ukuta wa shule, basi. Nikakaa juu ya sufuria. Nikawaza kwamba sasa anashuka garini, sasa wanamvusha mlangoni, na mimi niliyemfundisha kuendesha sipo. Nililia kidogo. Shangazi mkubwa akanipa ncha ya mtandio wake bila kunisema, nikafuta uso, nikauchafua kwa grisi, ndipo akanisema.

Kisha kitu kikasimama mbele yetu bila sauti. Ngurumo! Bibi harusi alifika mlangoni, akahesabu watu wake, akakataa kuingia mpaka mkwe wa kwanza aletwe. Amemwagiza Ngurumo anilete kama mzigo wa posta. Alikuwa amebeba kamba. Hakucheka. Ningependa angecheka, ningekuwa na la kumchukia.

Nikaingia uwanja wa ukumbi nikivutwa kwa kamba nyuma ya maua. Wageni wote wamesimama nje, wanapiga makofi. Bibi harusi akaja mpaka dirishani kwangu, akanishika shavu lenye grisi kwa glovu yake nyeupe, akasema sasa tumetimia. Akaingia ndani na doa lake. Hakuna siku niliyompenda binti huyu kama leo.

Jumapili, 11 Mei

Nimelala vizuri. Nimeamka nikiwa na akili safi kabisa, na nimeelewa kosa langu lilipokuwa.

Wiki nzima nilishughulika na kelele, kumbe mchezo ni ukimya! Nimekumbuka kila kitu. Jinsi Ngurumo alivyofika Alhamisi bila kusikika. Jinsi alivyonivuta jana mlima mzima, mimi, masufuria na mashangazi, na injini yake haikupandisha hata sauti. Mashangazi walikuwa wanalisifu gari lake mpaka wakati wa kuaga. Eti linateleza. Mke wangu naye kalisifu! Kasema lilikuwa na adabu. Gari lina adabu? Tangu jana neno hilo limenikaa kifuani.

Nimemuuliza mke wangu taratibu, kama mtu anayeongea habari za hewa, Ngurumo ameweka filta gani safari hii. Akasema ni karatasi tu ya kawaida, kama ile uliyoitupa. Kisha akanitazama usoni kwa muda, akasema tafadhali, baba watoto, kesho nenda dukani moja kwa moja.

Nitakwenda dukani. Lakini fundi alisema mpya zinaingia kesho, na anafungua mapema. Nimeshapima kasha la filta kwa futi yangu ya mapazia. Nafasi ipo. Ngurumo ameweka karatasi moja.

Mimi nitaweka mbili.