Uso wa Nyumba ya Nyasubi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mteja! Wa kwanza tangu Pasaka. Dalali Innocent kamleta saa tatu asubuhi. Anaitwa Mwamvua, mfanyabiashara wa mpunga kutoka Tinde, mama wa maneno machache, anatafuta stoo hapa Nyasubi, Kahama. Kazunguka nyumba mara moja. Kagonga ukuta kwa kiganja kama anachagua tikiti. Kasema milioni ishirini na nane, kama ilivyo, na Jumamosi atakuja na mashahidi tuandikiane. Hakuomba hata maji ya kunywa.

Nikasema nitafikiri. Innocent akanikanyaga mguu. Nikasema tena, kwa sauti, nitafikiri.

Hoja yangu ni hii. Nilikaa kwenye mizani ya pamba miaka ishirini na sita, mnunuzi namjua hata akiwa kalala. Anayetaja bei upesi vile ana nyingine mfukoni. Tatizo ni uso wa nyumba tu. Ukiwa na uso, nyumba inajisemea yenyewe.

Nimempigia Mama Jenifa. Yuko Mwanza kwa binti yetu. Alikwenda kwa siku arobaini, kumwogesha mjukuu. Sasa mjukuu anatembea. Kasema hivi: uza hivyo hivyo, Baba Jenifa, uje. Kiwanja kimepatikana Buhongwa, mwenyewe kakubali kusubiri hadi mwisho wa mwezi, na yeye harudi tena kuishi kwenye nyumba inayofanana na ghala la dawa za pamba. Nikamwambia anipe hadi Jumamosi, nitamletea thelathini na tano. Nikasikia mtoto anacheka kwa nyuma. Salio likaisha.

Jioni nimesonga ugali wa watu wawili tena. Mkono mgumu kuelewa.

Jumanne, 5 Agosti

Rangi! Ndoo moja ya krimu, nikaiongezea maji ikawa mbili. Nimepaka mbele peke yake. Ubavuni nani anaangalia?

Lazima nimtaje Kalisti, jirani wa ng'ambo ya barabara. Naye anauza. Mwezi uliopita kabandika vigae ukuta wote wa mbele, vyeupe, vyenye maua. Nyumba nzima kama bafu lililovaliwa nje ndani. Lakini watu wanasimama kupiga picha. Mbele ya kwangu wanasimama kufunga kamba za viatu.

Saa sita nimemaliza. Saa saba limepita lori la mpunga. Saa saba na nusu, mengine matatu. Vumbi la Agosti halina adabu, limeingia kwenye rangi mbichi likakaa. Hadi saa kumi ukuta umeota manyoya mekundu.

Kalisti kavuka barabara kunipa pole. Kauliza kama hiyo ni rangi au nyumba imepata surua. Nikamweleza kuwa ni mtindo wa kisasa, matajiri wa Mwanza wanalipia ukuta uwe hivyo. Kagusa, kacheka, kasema basi matajiri wa Mwanza hawana wake wa kuwashauri. Akakumbuka. Akaomba radhi. Akakaa dakika kumi akizungumzia bei ya saruji, kisha akaenda zake na kidole cha krimu.

Dakika kumi! Tangu Juni hakuna aliyekaa kwangu kiasi hicho. Laiti angekuwa na tabia nzuri.

Jumatano, 6 Agosti

Uwanjani ndiko kwenye siri. Mnunuzi anakanyaga kabla hajatazama. Nimekwenda kwa Frank, dereva wa tipa, nikamwomba mchanga wa kumwaga mbele ya nyumba, wa bei ya huruma. Kasema upo, tena bure, nilipie mafuta tu: umelundikana kwenye mwalo wa zamani, pale wachimbaji walipokuwa wakisaga mawe na kuosha dhahabu. Umeoshwa na waliotangulia, ukaoshwa na waliofuata, ukaoshwa na akina mama waliobaki. Kama kuna kitu, kasema Frank, basi ni maji.

Tipa nzima. Kijivu, laini kama unga wa muhogo. Nimeusambaza kwa reki hadi saa nane. Jua likaupiga. Unang'aa! Nimekaa barazani kuutazama kama mtu aliyenunua bahari.

Kalisti kaja hadi getini. Hakucheka. Kachuchumaa, kauchezea mchanga kwa vidole, kauliza umetoka wapi.

Ningeweza kusema kwa Frank. Ni neno fupi. Lakini nikaona uso wake, nikaona na thelathini na tano zangu. Nikasema polepole, huku natazama mbali, kwamba binadamu anaweza kukalia kitu miaka thelathini bila kujua anakalia nini. Kisha nikaingia ndani nikafunga mlango.

Hesabu ni rahisi. Kalisti atamwambia Innocent. Innocent hawezi kuficha hata umri wake, atamwambia Mwamvua. Mwamvua Jumamosi atakuja na bei mpya.

Nimelala mapema. Nimejisifu kidogo, maana hapakuwa na mwingine wa kunisifu.

Alhamisi, 7 Agosti

Saa kumi na mbili na nusu, hodi. Kina mama wawili wenye makarai kichwani. Mwangaluka baba, wakaniamkia kwa Kisukuma, kwa magoti kabisa. Waliomba kunifagilia uwanja. Wachukue takataka tu, wakasema. Nikawakatalia kwa heshima na kwa tabasamu la mtu anayejua. Kosa ni lile tabasamu.

Saa nne walikuwa tisa. Saa sita sikuhesabu tena. Mchanga unaondoka kwa ndoo, kwa mifuko ya salfeti, kwa sufuria. Nikapiga kelele. Wakaniamkia. Wote! Shikamoo mzee, shikamoo baba mwenye eneo. Nikajikuta naitikia marahaba, marahaba, kama padri mlangoni baada ya misa, na mtu anayeitikia marahaba hawezi tena kufukuza.

Alasiri mchanga wa Frank umekwisha. Nikafikiri wataondoka. Hapo akafika mzee Maduhu, mchimbaji tangu enzi hizo, vidole viwili hana. Kachukua udongo wangu halisi, wa chini ya mchanga. Kanusa. Kalamba. Kafumba macho. Kasema harufu ipo.

Nikamvuta pembeni nikamwambia ukweli, kwamba mchanga ule ni wa mwalo, umeoshwa mara tatu. Kanishika bega, kasema wenye maeneo wote husema hivyo, na yeye kama angekuwa mimi angesema hivyo hivyo.

Kaomba achimbe kashimo ka kupimia. Kadogo. Kisha kaomba chumvi kwa ajili ya hindi lake la kuchemsha. Nikaenda kumletea chumvi mbio. Sijui kwa nini mbio.

Ijumaa, 8 Agosti. Nanenane

Sikukuu, hakuna aliyekwenda kazini. Wote wamekuja kwangu. Wenzetu wanaenda kuangalia maonyesho ya wakulima, Nyasubi wameamua kuniangalia mimi.

Dorika, mama ntilie wa wachimbaji, kaweka mafiga matatu barazani bila kuuliza. Wali, maharage, dagaa. Kanipakulia wa kwanza, kasema mwenye eneo haruhusiwi kula mwisho, na kwamba nimekonda kama ufito, nyumba hii haina mwanamke? Nikasema yupo, kasafiri. Kauliza lini. Nikasema juzi juzi. Katazama sufuria zangu, kaniongezea dagaa.

Benchi langu limekaliwa. Viti vyote vinne vimekaliwa. Kile cha Mama Jenifa kilikaliwa na kijeba mmoja wa Geita, nikamwomba ahamie kingine, kahama bila ubishi. Ndani mtu fulani alicheka sana akitafuta kikombe. Ile sauti ikazunguka ukumbini, ikaingia chumbani, ikatoka. Nikasimama nikiisikiliza kama fala.

Shimo limefika kiunoni. Baada ya chai, kifuani.

Saa tisa mwenyekiti wa mtaa, Mama Bernadina, kafika na daftari. Kafoka. Leseni iko wapi? Kibali kiko wapi? Nani kawaambia mtaa wa makazi ni machimbo? Kaamuru wote watoke. Kisha kaniita nyuma ya nyumba, kashusha sauti, kauliza tumeshapata gramu ngapi.

Mama Jenifa kapiga saa kumi na moja. Kauliza kelele hizo ni za nini. Nikamwambia wateja. Kasema wengi hivyo? Nikasema wanamiminika, mama. Kafurahi! Kasema anamwambia Jenifa aanze kunitengea chumba. Nilitaka kumwambia yote, lakini alikuwa anacheka, na muda mrefu sijamchekesha.

Nguzo ya baraza imeanza kuinama kuelekea shimoni. Kidogo. Kwa mbali huoni.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi Maduhu kaosha karai la mwisho. Kapata kizibo cha soda na kipande cha kigae, cha maua. Kasema harufu ilikuwepo lakini imehama, dhahabu ina miguu. Kanipa mkono. Kufikia saa tatu wote wamekwenda, wanasema kuna rashi mpya ya dhahabu huko Bukombe, watu wanaokota. Dorika kabeba mafiga yake. Kaniachia ukoko kwenye sahani.

Nikafagia. Nikafunika shimo kwa turubai, juu ya turubai nikaweka majani ya mgomba na chungu cha ua. Kutoka barabarani bustani kabisa!

Saa tano, pikapu. Mwamvua, Innocent, mashahidi wawili. Nikamkaribisha apitie pembeni. Hakupitia pembeni. Shahidi mmoja katangulia, akazama pamoja na chungu cha ua.

Tulimtoa. Mzima, mchafu. Mwamvua kasimama ukingoni muda mrefu. Nikaanza kueleza juu ya harufu ya udongo wa hapa. Kanikatiza. Kasema yeye Jumatatu alikuja kununua stoo, siyo kaburi, na kwamba pesa ile alikuwa ameshaifunga kwenye kitambaa, akiwa na wasiwasi tu nisije nikaifanyia nyumba kitu.

Wakati huo Kalisti yuko ng'ambo na trei. Soda za baridi, nne. Wakavuka kuosha matope. Wakanywa. Mwamvua kagonga ukuta wa Kalisti kwa kiganja.

Kanunua. Ishirini na nane. Kasema vigae atavibandua.

Innocent kapita kuchukua miwani yake aliyoiacha barazani. Hakunikanyaga mguu. Hata hilo limeniuma.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani nafasi kubwa kushoto kwangu, nafasi kubwa kulia. Sadaka ikapita haraka.

Jioni Kalisti kaja kuaga, anahamia Ushirombo kwa kaka yake. Kakaa kwenye benchi. Kasema ile Ijumaa alitamani sana kuvuka aje ale wali, lakini aliona haya, maana yeye ndiye aliyewaambia watu. Kwake wamekuja wateja kumi na saba tangu Januari, hakuna aliyekaa. Nikamwambia angekuja tu. Kasema ndiyo, sasa anaona angekuja tu.

Tukatazama shimo hadi mbu walipoanza. Kisha akaenda. Vigae vyake vinang'aa hata gizani. Sasa nitashindana na nani?

Jumanne, 12 Agosti

Ajabu ya Mungu! Innocent kaleta mwingine. Anaitwa Abel, mfyatua tofali, kijana mstaarabu, kaanza na shikamoo. Kaona shimo, akapiga makofi ya furaha. Anahitaji tangi la maji la chini ya ardhi kwa ajili ya tofali zake, na ameshachoka kulipa wachimbaji. Shimo lishachimbwa! Mbele ya nyumba, karibu na barabara! Kasema milioni ishirini na nne, kama ilivyo, pesa kesho.

Nikampigia Mama Jenifa. Kasema ishirini na nne zinatosha, kiwanja na chumba kimoja cha kuanzia, uza leo, usiguse kitu, nakuomba Baba Jenifa, usiguse kitu. Kasema mtoto kaanza kutamka babu. Anamwita hivyo mlinzi wa nyumba ya jirani.

Nikamwambia aniachie hadi Jumamosi.

Maana fikiria. Mtu kafurahia shimo la kifuani namna ile, la kupita kichwa atalilipia ngapi! Anayepiga makofi kabla ya kupatana bei ana nyingine mfukoni. Nimemwambia Abel nitafikiri. Katazamana na Innocent. Kasema ana kiwanja kingine cha kuangalia kesho, lakini sawa.

Nimeshuka na sepetu saa nane. Udongo wa chini ni laini, unakubali. Saa kumi kichwa changu hakionekani tena kutoka barabarani. Nimesikiliza kama kuna atakayeuliza niko wapi.

Malori tu.