Jabari Juu ya Paa la Studio

Jumatatu, 8 Januari

Mdomo wangu utaniua. Nilikuwa kwa kinyozi, nimetulia zangu, akaingia Bwana Harusi. Ndiye mpiga picha mwenye studio mkabala na yangu. Jina amelipata kwa kupiga picha harusi za watu. Yeye mwenyewe hajaoa. Akatangaza kwamba maktaba ya mji itafanya maonyesho ya picha Jumamosi, na mshindi atapewa kazi ya kupiga picha shughuli zote za mji mwaka mzima. Yeye picha anayo tayari. Mwezi! Mwezi mzima, na mashimo yake yote. Kinyozi akaacha kazi kuutazama kwenye simu, povu likakauka kwenye nusu ya kidevu changu.

Nikasema mwezi ni kitu cha jirani tu, hata mbwa anaubwekea. Mimi nitapiga nebula.

Wakauliza nebula ni mdudu gani. Nikawaeleza: wingu la gesi na vumbi, huko mbali kusikofikika, ambako nyota huzaliwa. Bwana Harusi akauliza kwa kamera ipi. Yangu. Ile ya picha za pasipoti? Ndiyo, ile ile. Kinyozi alicheka mpaka akanikata.

Ukweli: sijui lolote kuhusu nebula. Niliiona kwenye kalenda ya duka la dawa.

Jumanne, 9 Januari

Nimesoma mchana kutwa. Wateja hawakunisumbua, maana hawakuja. Siku hizi kila mtu anajipiga mwenyewe kwa simu. Hii kazi ya mji naihitaji kweli.

Nebula iliyo rahisi kuliko zote ni ya Jabari, lile kundi la nyota lenye umbo la shujaa. Zile nyota tatu zilizopanga mstari ndio mkanda wake. Penye mkanda unaning'inia upanga, na ndani ya upanga ndimo lilimo wingu. Kikwazo ni taa za mjini, zinalifuta anga lote. Dawa yake ni kichujio: kioo cha kuweka mbele ya lenzi, kinazuia mwanga wa taa na kuruhusu mwanga wa nebula. Fundi kamera alikuwa nacho kimoja, kimelala kabatini miaka. Kidogo kuliko lenzi yangu. Nimekibandika kwa selotepu.

Baada ya chakula cha jioni nikapanda juu ya paa la studio, ambako pia ndiko tunakoanika nguo za nyumbani. Nikaelekeza, nikafungua lenzi kwa muda mrefu, nikasubiri. Picha ikatoka nyeupe tupu, kama nimepiga ndani ya balbu. Lakini pembeni, kitu! Wingu laini, lenye mikunjo, linaelea! Nikashuka mbio kumwonyesha mke wangu. Yeye ni mwalimu wa hesabu, hana haraka ya kushangaa. Akalivuta karibu, akasema ni gagulo la mama yake.

Jumatano, 10 Januari

Nimemrudia fundi kamera kwa hasira. Akanisikiliza kama mtu aliye msibani. Kichujio kile, akasema, kilitengenezwa enzi za taa za njano. Manispaa imeshabadilisha, sasa ni nyeupe, na mwanga mweupe ni mchanganyiko wa kila rangi. Kichujio kinapunguza kidogo, hakiwezi kuuzuia wote. Halafu nisifungue lenzi muda mrefu. Dunia inazunguka, nyota zitatoka ndefu kama nyuzi. Nipige picha fupi fupi nyingi, nizipandishe moja juu ya nyingine kwenye kompyuta.

Mbona hakuniambia jana? Sikumwuliza, akasema.

Nikaenda kwa injinia wa taa wa manispaa. Nikamwomba kwa adabu zote azime taa za mtaa wetu kwa muda mfupi tu. Kwa ajili ya sayansi. Akaniambia nikitaka giza nifumbe macho.

Bwana Harusi kanisalimia kutoka mlangoni kwake. Kauliza watoto wa nyota hawajambo. Mshenzi!

Alhamisi, 11 Januari

Nimepata! Akili yangu hii ingepata mwili wa mtu mwingine ingefika mbali.

Taa iliyo mbele ya studio ina kijicho juu ya nguzo. Jua likizama, kijicho kinaona giza, taa inawaka. Basi kijicho kikimulikwa kitadhani kumekucha! Nikachukua ufagio mrefu wa kuondolea utando darini, nikafunga tochi kwenye ncha. Mke wangu akauliza ufagio uko wapi. Nikasema sijui. Giza lilipoanza tu nikaufunga kwenye nguzo, tochi ikitazamana na kijicho.

Taa ikazimika. Ikafuata ya pili. Ikafuata mtaa mzima! Kumbe kijicho kile ni cha nguzo zote. Sikujua, naapa. Na nilipojua, nilifurahi.

Nikapanda paani. Anga! Sijawahi kuliona hivyo tangu nihamie mtaa huu. Jabari yule, na mkanda wake, na upanga! Nikaiseti kamera ijipige yenyewe, picha baada ya picha.

Ghafla, mayowe barabarani. Na sauti naijua.

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alikuwa anatoka kumjulia hali rafiki yake. Hakuuona mtaro. Nilimkuta amekaa ndani yake, kiatu kimoja mkononi, anawalaani watu wa manispaa mmoja mmoja kwa vyeo vyao.

"Nani huyo?" akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Mwanangu! Mungu amekuleta. Mguu haukanyagiki."

Nikambeba mgongoni. Watu wakatoka na simu zao kutumulika njia. Bwana Harusi naye akatoka, mbio huku na huku. Njia nzima mpaka zahanati, mama mkwe ananiombea dua sikioni. Nipate riziki. Niishi miaka mingi. Waliosababisha giza hili wasilale! Kila dua kama kibao.

Nesi kasema umeteguka, haukuvunjika.

Ijumaa, 12 Januari

Alfajiri nimeondoa ufagio. Kamera ilikuwa bado paani, imejipiga mpaka betri ikafa. Nimeshinda kwenye kompyuta nikipandisha picha juu ya picha. Za mwanzo, hakuna. Nikaongeza. Hakuna. Nikaongeza tena, na pale kwenye upanga kukaanza kuchomoza wekundu. Kisha bawa. Kisha bawa zima la waridi limekunjuliwa, na moyoni mwake vijinyota vyeupe vimejikusanya!

Nilikaa tu. Kwa kamera ya pasipoti.

Mke wangu akaja, akasimama nyuma yangu. Akasema ni nzuri sana. Halafu akauliza mbona jana taa zilizimika mtaa wetu peke yake. Nikasema hayo ni mambo ya manispaa.

Jumamosi, 13 Januari

Sitaki kuandika. Naandika.

Picha yangu wameitundika karibu na choo. Mkutubi akaniuliza kama ni picha ya hospitali, ya mtoto tumboni. Mzee mmoja akanipongeza kwa mimba. Nikamweleza ni nebula. Akasema jina zuri, ni la kike?

Wengine wote wamejazana ukuta wa pili. Nikajua ni mwezi wa Bwana Harusi. Sio mwezi! Ni mimi. Mimi gizani, nimembeba mama mkwe, kafumba macho shavu begani kwangu, na nyuso za watu zimetuzunguka kwa mianga ya simu. Chini Bwana Harusi kaandika: Mkwe. Picha nzuri, mjinga yule. Nzuri mpaka inaudhi. Ikashinda. Watu wakanishika mkono, wanawake wakajifuta machozi. Mama mkwe, na mkongojo wake, akaniita mwanangu mbele ya umati.

Hapo ndipo injinia wa taa akavaa miwani na kusogea karibu. Akaweka kidole kwenye nguzo iliyo nyuma yetu. Akauliza hii tochi iliyofungwa hapa inamulika nini.

Na mke wangu, kwa sauti yake ya darasani: "Huo si ufagio wetu wa dari?"

Jumapili, 14 Januari

Kesi imesikilizwa sebuleni. Adhabu ya manispaa: nipige picha kila nguzo ya taa ya mji huu, kwa kumbukumbu zao. Bure. Bwana Harusi kaja kunitetea! Kasema nilimbeba kweli, hilo halikuwa igizo. Simwelewi mtu huyu.

Mama mkwe hakunisemesha mpaka jioni. Kisha akaniita nimletee picha yangu. Akaishika mbali, akaishika karibu.

"Hiki ndicho kilichofanya unitumbukize mtaroni?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nyota zinazaliwa humu?"

"Humo humo."

Akaitazama muda mrefu. Akasema itundikwe mbele ya kitanda chake. Halafu akanyoosha mguu, akaniagiza nikalete dawa ya kuchulia. Nimechua mpaka vidole vimekufa ganzi.

Nimemwahidi mke wangu, mkono kifuani, kwamba sitagusa tena taa ya barabarani maishani mwangu. Na nilimaanisha.

Jumatatu, 15 Januari

Nimeanza adhabu. Nguzo, nguzo, nguzo. Jua kali. Kichwa kinagonga.

Ila nimeona jambo. Ukizifuata nyaya, zote zinaishia kwenye kijumba kimoja nyuma ya soko. Mlinzi wake ni mtu wa maneno mengi. Kasema humo ndani mna mkono mmoja wa chuma. Ukiushusha, mji wote unalala.

Sasa, nimesoma kwamba karibu na mkanda wa Jabari iko nebula nyingine, yenye umbo la kichwa cha farasi. Ni hafifu mno. Giza la mtaa mmoja haliitoshi. Na ahadi yangu ilihusu taa. Mkono wa chuma si taa.

Nimemwuliza mlinzi, kwa mazungumzo tu, kama mkono ule ni mgumu. Laini, kasema, unashuka kwa kidole. Nikamwuliza jioni huwa anakwenda kunywa chai saa ngapi.