Mwiko wa Monganga Casimir

Casimir alisimamisha baiskeli alipomwona Mama Marthe akishuka ngazi za kanisa la mji wa Baraka kinyumenyume, akishika ukuta. Magoti yale! Mji mzima ulijua kwamba mjane huyu ana nyumba ya matofali, samaki aina ya mikeke wa moshi juu ya meko, na mbuzi wanene waliotengwa kwa mahari ya mwanawe Bonaventure. Bila mbuzi wale, hakuna arusi. Moyo wa Casimir ukajaa huruma. Huruma yake, tukumbuke, ilianzia tumboni.

Koti jeupe alikuwa nalo. Aliondoka nalo kule Uvira alipofukuzwa kazi ya kufagia dispansari moja, pamoja na maneno machache ya daktari aliyoyadaka akipiga deki.

"Mama, we uko unaumwa arthrite," alisema, akimbonyeza goti kwa kidole cha kitaalamu.

"Yesu! Njo nini ile?"

"Viungo kuwaka. Inatoka mu chakula. Nyama, mikeke, pombe, yote inashuka mu magoti. Na hapa kwa ziwa kuko baridi na maji-maji, tena unalala na mbuzi mu nyumba moja! Wende kwa dada yako, kule Lubondja mu milima. Kula maharagi na mboga ya lengalenga. Lima kidogo, magoti isikauke."

"Na mbuzi yangu?"

"Miye nitachunga," alisema Casimir, kwa unyonge wa mtu anayejitwika msalaba.

Mama Marthe alimkazia macho. "Sawa, monganga. Lakini kwetu, mwenye kupana mwiko anaufunga pamoja na mugonjwa. Akiuvunja, mwili yake itasema, na atalipa."

"Hakuna shida, mama!" Macho yake yalikuwa yameshahamia kwa beberu mwekundu.

Mama akapanda Lubondja, Bonaventure akimsindikiza. Mpango ulikuwa safi: boti ya Uvira ipite, Casimir apande na mbuzi, kwaheri ya kuonana mbinguni. Ila boti ilichelewa, wiki baada ya wiki. Na mtu akingoja boti katika nyumba yenye mikeke wa moshi, afanye nini, afunge na kusali? Casimir alikula. Mikeke walipomchosha alichinja mbuzi mmoja, mdogo, wa kuonja tu. Halafu akachinja wa pili, ili yule wa kwanza asione upweke. Maini, figo, utumbo, vyote akavishushia pombe ya ndizi. Majirani walipouliza habari ya moshi ule mtamu, alisema anafukiza nyumba kuondoa unyevu. Jamani, huyu mtu alikuwa na jibu la kila kitu.

Asubuhi moja honi ya boti ikalia. Casimir akaruka kitandani, akakanyaga chini, akalia kuliko honi.

Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimevimba na kuiva kama nyanya. Hata upepo ulikiumiza. Alijaribu kuruka kwa mguu mmoja, kamba ya beberu mkononi. Beberu akavuta upande wake, Casimir akaanguka kifudifudi uani, na boti ikaondoka bila yeye.

Siku hiyohiyo Mama Marthe, na Bonaventure nyuma yake, aliteremka kutoka Lubondja, kapu la maharage kichwani, kwa miguu yake mwenyewe. Yalikuwa maharage, au jembe, au kukaa mbali na unyevu? Miye sijui, na magoti hayatoi ushahidi. Ila alitembea vizuri.

"Monganga, uko unaumwa?"

"Nimejigonga kwa jiwe, mama."

"Jiwe." Aliwahesabu mbuzi kwa macho, akakitazama kidole, akawageukia majirani waliojaa uani. "Mumeona? Mwili yake imesema."

Casimir alikuwa amewadanganya mapolisi wa Uvira bila kupepesa jicho, lakini kidole chake mwenyewe hakikudanganyika. Tena aliogopa kweli, maana maneno ya daktari yalimrudia moja moja. "Mama, inauma! Nisaidie!" Na machozi yale, kwa mara ya kwanza, hayakuwa ya kuigiza.

Bonaventure alikuwa ameshakunja mikono ya shati. Mama akamzuia. "Usimupige, ni mugonjwa. Tutamutunza vile alinitunza miye."

Baiskeli ya Casimir ikaenda kwa baba mkwe wa Bonaventure badala ya mbuzi walioliwa. Mzee alipiga kengele yake mara moja tu, akaanza kuulizia tarehe ya arusi. Casimir mwenyewe alibebwa kwa machela ya tipoyi mpaka Lubondja, juu ya mabega ya vijana kama bwana mkubwa wa serikali, watoto wakimpigia saluti. Huko alipewa maharage, lengalenga na maji. Kidole kilipotulia, dada wa Mama Marthe akamkabidhi jembe. "Lima kidogo, monganga. Magoti isikauke."

Miezi ikapita, na Casimir akatembea kama kijana. Ndipo wazo likamjia: maisha yote ameuza uongo, sasa ana kitu cha kweli, kimejaribiwa mwilini mwake! Alfajiri moja akatoroka, akateremka mpaka soko la Baraka, akamkuta mvuvi mzee wa rasi ya Ubwari anachechemea.

"Mzee, we uko unaumwa arthrite. Acha nyama, acha pombe..."

"Nikule maharagi, niache kulala kwa maji-maji," mzee akamalizia. "Mama Marthe anatuambiaka ile bure, haombi hata franga." Akamtazama Casimir toka kichwani, akashuka polepole mpaka miguuni, uso ukafunguka kwa furaha.

"Eee! We njo ule mutu ya kidole?"