Nafasi ya Gari Mbele ya Mlango Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Shajara yangu, niwie radhi. Tangu Januari sijakuandikia neno, nilikuwa nimenuna. Chanzo ni kinyozi, jirani yangu. Huegesha gari lake mbele ya mlango wangu, nami hulazimika kuliacha langu nyuma ya soko. Mke wangu ana goti bovu. Kila siku ya kliniki huchechemea hadi huko. Leo nimemwandikia diwani: mtaa wetu ugawiwe nafasi za magari, kila mkazi na yake. Kurasa sita! Kinyozi nimemwita mvamizi mara tatu tu.

Jumatano, 6 Machi
Karani wa kata alikuja kuorodhesha magari. Akauliza kama nina masilahi binafsi katika ombi hili. Mimi! Nikamjibu kwamba ninapenda utaratibu tu, gari sina. Akasema wazee wa aina yangu wamebaki wachache, akaniomba nitie saini. Nikatia, tena kwa mbwembwe. Mke wangu alikohoa jikoni. Mafua, nadhani.

Jumatatu, 11 Machi
Orodha imebandikwa. Nafasi iliyo mbele ya mlango wangu amepewa kinyozi! Mimi nimeandikwa "hana gari". Nyuma ya soko nako sasa ni kwa wenye vibali. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Gari nimelipeleka kwa shemeji yangu, ng'ambo ya reli. Mke wangu ameuliza kama ile saini itambeba mgongoni hadi kliniki.

Jumanne, 12 Machi
Siku ya kliniki. Tulitembea hadi kwa shemeji. Mke wangu alipumzika mara nne. Mara ya tano alikaa kwenye ngazi za benki, akafumba macho. Nilimbebea mkoba. Laiti ningeweza kulibeba goti.

Alhamisi, 14 Machi
Kinyozi alibisha hodi. Nilidhani amekuja kunicheka. La! Alinigombeza: iweje nimtembeze mke wangu, shemeji yake, juani ilhali nafasi ipo? Nilete gari langu. Lake litalala kwa binti yake. Akaongeza, "Huo utaratibu wako, Mzee, tutautia chumvi tuule?" Nilishindwa kumtazama usoni. Miaka ishirini amekinyoa kichwa hiki bila kukichubua hata mara moja! Mke wangu alitokwa na machozi. Mimi pia, kidogo. Nimeapa kutoandika barua nyingine.

Ijumaa, 15 Machi
Nimesoma kanuni za kata. Nafasi ambayo mwenyewe haitumii hunyang'anywa. Kinyozi haitumii yake tangu jana! Sheria ni sheria. Nimeiarifu kata, nikapendekeza apewe mke wangu. Ukurasa mmoja tu; mimi si mtu wa visasi. Kinyozi sijamwambia, asije akakosa usingizi. Saa kumi nitapita kwake anipunguze nywele, nifike kwenye kikao cha baraza nikiwa nadhifu. Wakishaamua, shajara yangu, utakuwa wa kwanza kujua.