Jinsi Nilivyowaponda Kapa Rho

Jumatatu, 18 Agosti
Joto la Alabama limepamba moto, nami nina mpango! Udugu wetu wa Theta Omikroni, chama cha wanafunzi wa kiume hapa chuoni, umebaki na watu wanne. Makao makuu wameandika: tusipopata wapya watano kufikia Ijumaa, nyumba inafungwa. Nyumba yetu! Chumba changu chenye dirisha linalotazama mti wa magnolia! Basi nimejiandikisha kuwatembeza wanafunzi wapya. Mtembezaji haruhusiwi kuvaa fulana yenye herufi za udugu wake wala kusema ni wa upande gani. Safi kabisa. Nani atanishuku? Delbert, mwenyekiti wetu, ameniuliza kama nimelala vizuri.

Jumanne, 19 Agosti
Kundi la ishirini, mama zao nyuma wamebeba feni na mito. Mbele ya nyumba ya Kapa Rho, mahasimu wetu, nikawaponda bila huruma. Nikasema hawana adabu hawa: muziki kila Alhamisi, kuku wa kukaanga mpaka watu wanavimbiwa, wasichana hawabanduki kibarazani. Vijana wote wakaandika kwenye simu. Onyo limewaingia. Tulipofika kwetu nikasifu kwa ustadi: saa tatu usiku taa zimezimwa, kila mtu anaosha sahani yake. Mama mmoja kutoka mji wa Mobile alifuta machozi. Nimecheza peke yangu bafuni.

Jumatano, 20 Agosti
Grady Haskins, rais wa Kapa Rho, hajawahi hata kunisalimia. Leo kaniletea pai ya pichi! Akasema, "Prewitt kaka yangu, endelea hivyo hivyo, usichoke." Anatetemeka huyo! Hongo hiyo! Pai nimeila yote. Kisha nikawaponda zaidi, nikataja kamba yao ya kurukia mtoni. Vijana wakaomba waone. Nikawapeleka, waijue hatari kwa macho yao. Walirudi wameloa chapachapa, wanapiga mayowe. Hofu tupu.

Alhamisi, 21 Agosti
Fomu kumi na tisa za kujiunga nasi! Nilimbeba Delbert mabegani, tukazunguka sebule tukiimba. Huko juu ndiko alikosomea saini. Akaomba ateremshwe. Akasema, "We Prewitt, hawa waliosaini wote ni mama zao."

Ijumaa, 22 Agosti
Siku ya bahasha. Wapya hufungua bahasha za mialiko uwanjani, kisha hukimbilia nyumba waliyoichagua. Tulijipanga wanne na keki yetu. Ishirini wakatoka mbio, wanatujia! Nikafungua mikono. Wakapita. Bustani yetu ni njia ya mkato ya kwenda Kapa Rho. Mmoja alisimama, akafunga kamba ya kiatu, akaondoka.

Nyumba imefungwa. Delbert alilia, nami nililia, sifichi. Tunahamia bwenini, ila makao makuu wameturuhusu kujaribu tena Januari. Kosa ni langu, nakiri: nilikuwa mpole mno. Januari nitawaambia wapya mpaka habari za bwawa la Kapa Rho, lenye maji moto na pizza ya bure. Tuone nani atathubutu kwenda!