Mablanketi ya Xiomara

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimetoka kimaisha, ila Dada bado hajui. Mteja kaacha karatasi: nimtarizie jina la mtoto wake kwenye blanketi. Xiomara. Jamani, herufi zile! Ile X imekaa kwenye kitambaa kama mtu aliyekunja miguu mkekani. Nikajiuliza ni watu wangapi wana jina hili. Nikapita mtaa mzima nikiuliza. Hakuna hata mmoja! Basi kila mama atalitaka. Nikaiweka mashine irudie yenyewe, nikaenda kunywa chai. Bunda zima la mablanketi ya watoto sasa ni Xiomara. Mteja kachukua lake, kaenda zake. Hapo ndipo nikakumbuka sikumuuliza linatamkwaje.

Jumanne, 5 Machi
Dada kaliona bunda. Kwanza aliyahesabu mablanketi moja moja, na mimi namwogopa Dada akihesabu kuliko akifoka. Duka lake, mashine yake, mimi mdogo wake tu. Kasema likibaki hata blanketi moja Jumamosi, naiacha mashine ya kutarizi na kurudi kukunja pindo za suruali za shule. Suruali! Mashine ile naipenda. Naijua hata inapotaka kukohoa.

Nimeanza uchunguzi. Muuza dawa kasema Zaiomara, bila wasiwasi wowote, kwa sababu ana koti jeupe. Kinyozi kasema Eksiomara. Mama mkwe kaniuliza kwa nini mtoto wa kike aitwe Shomari. Udadisi unaniua.

Alhamisi, 7 Machi
Mawili yameondoka! Asubuhi alikuja Mwalimu, mjamzito. Nikamwambia jina hili ni la pekee, mtoto mwingine aliye nalo hayupo. Kauliza linatamkwaje. Nikamtazama usoni, nikaona huyu ni mtu wa Z. Ziomara, nikasema. Kalirudia taratibu mara kadhaa, akiwa ameshika tumbo. Mchana kaja Mama Maziwa, anayetuletea maziwa dukani, tumbo limetangulia mlangoni kabla yake. Naye nikamwambia la pekee. Yeye nikampa Shiomara, laini laini. Mimi watu nawasoma.

Ijumaa, 8 Machi
Kumbe wanahudhuria kliniki moja! Hilo sikuliwaza. Wamekaa benchi moja, kila mmoja akiringia jina lisilo na mwenzake, wakafunua mablanketi. Wamekuja dukani pamoja. Nikajificha nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Mwalimu kamwambia Dada kwamba mwanawe hajazaliwa na tayari ana wajina. Niliona aibu, kweli kabisa. Mama Maziwa kasema yeye hana ugomvi na mtu, anataka tu kujua matamshi ya kweli ni yapi. Hata mimi nataka kujua! Nikatoa kichwa nje, nikasema yote mawili ni sahihi, inategemea hali ya hewa.

Kichwa ningekiacha ndani.

Jumamosi, 9 Machi
Hukumu imetoka. Dada kawaambia akina mama walete mablanketi yafumuliwe, atawatarizia majina mengine bure. Ajabu! Wote wamegoma. Kila mmoja anasema amelizoea, mwenzake ndiye abadilishe. Wameondoka wakibishana, lakini Mwalimu alikuwa amembebea Mama Maziwa kikapu. Mimi nimepewa wembe nifumue bunda lililobaki. Kiti changu kwenye mashine kakikalia Dada mwenyewe. Anaibonyeza vibaya. Roho inaniuma.

Jumatatu, 11 Machi
Nafumua. Uzi unatoka, matundu yanabaki. Herufi saba za matundu kwenye kila blanketi. Dada anasema yatauzwa kama matambara ya kufutia magari. Siwezi kukubali! Kinachotakiwa ni jina jingine lenye urefu uleule, liyafunike.

Dada katoka kwenda benki. Nikavuta boksi jipya la nyuzi, na ubavuni, palipoandikwa aina ya uzi, kwa maandishi ya dhahabu, nikaliona: Viscose. Herufi saba! Bila shaka ni binti wa mwenye kiwanda. Lazima ni msichana mrefu, mpole, asiyependa makuu. Muuza dawa hamjui mtu wa jina hilo, kinyozi naye hamjui.

Kiti kilikuwa wazi. Nimeshatarizi nusu ya bunda, na matundu hayaonekani kabisa. Namsikia Dada anafungua mlango. Nimemtandikia moja juu ya meza, alione kwanza kabla hajaniona mimi. Leo lazima anirudishie mashine yangu.